Chumvi Ndani ya Mrija

Kwa miaka kumi na mitatu fundi huyu alitengeneza majokofu ya mabucha na ya hospitali, kabla chuo hakijamwajiri kutunza ubaridi wa mashine moja tu. Mkewe, mshonaji, huwaambia wateja kwamba mumewe ameoa mke wa pili, mwenye joto la nyuzi mia mbili hamsini na tatu chini ya sifuri.

"Na hajaninunia hata siku moja," fundi hujibu.

Mashine yenyewe ni pipa refu la chuma lenye sumaku kali tumboni. Watafiti huteremsha ndani yake mrija wa kioo wenye kimiminika wanachokichunguza, na chembe zake, zikichokozwa, hutoa mnong'ono. Anayeusikia ni koili ndogo ya waya inayouzunguka mrija. Lakini waya wenye joto una kelele zake. Ni kama kumsikiliza mgonjwa anayenong'ona ilhali wewe mwenyewe unahema. Ndiyo maana koili hupozwa kwa gesi ya heliamu hadi itulie, huku mrija ukikingwa usigande.

Kazi ya fundi ni kusikiliza kompresa na kuandika joto daftarini kila baada ya saa mbili. Kilichomo mrijani haulizi. Aliuliza wiki yake ya kwanza, na mkuu wa maabara akamjibu kwa upole, "Wewe tutunzie baridi, mirija tuachie sisi." Hayakuwa matusi. Yalimkaa tu kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi moja mtafiti, binti anayesomea uzamivu, alileta mrija wa protini aliyoihangaikia miezi minane. Ikishatolewa kwenye barafu huharibika baada ya siku mbili, na ya kwanza ilikwisha kupita. Nusu saa baadaye kioo cha kompyuta kilionyesha nyasi tupu: mistari mifupi ya kelele, bila kilele hata kimoja cha mnong'ono wa protini.

"Fundi, baridi imetutoroka?"

Fundi akasoma joto, akaweka kiganja juu ya kompresa, akasikiliza. "Baridi ipo, mwanangu. Haijasogea hata kidogo."

"Basi mimi ndiye nimekwisha."

Fundi akakunja kitambaa chake cha kufutia mikono, mara mbili, mara nne.

"Nikuulize jambo lisilonihusu?"

"Uliza tu."

"Hicho kitu umekiyeyushia kwenye nini?"

"Maji ya chumvi, tena nyingi. Bila hivyo kinaganda kama maziwa yaliyochacha. Ile mashine ya zamani, isiyopozwa, ilikuwa hailalamiki."

"Ya zamani ilikuwa na makelele yake, ingesikia wapi ya jirani? Hii imenyamaza. Chumvi inapitisha umeme, na ikipitisha inanguruma."

"Nikiitoa, protini inakufa."

"Usiitoe. Punguza unene wa mrija. Chumvi iliyo karibu na ukuta wa mrija ndiyo mkorofi, ya katikati ina adabu. Tumia ule mrija mwembamba, wa milimita tatu."

Binti akamtazama. "Nani kakwambia?"

"Mwongozo wa mashine. Nimeusoma mara nne, hakuna mwingine anayeuazima."

Kuhamisha kulihitaji sindano ndefu na mikono ya watu wawili. Fundi akaishika mirija yote miwili kwa vidole vilivyozoea mabomba ya gesi, binti akavuta, akasukuma. Tone moja liling'ang'ania mdomo wa mrija mwembamba. Likateremka.

Kwanza zilirudi nyasi zilezile. Mashine ikarudia kupima, ikajumlisha, ikarudia tena. Baada ya dakika ishirini vilele vitatu vikachomoza, kisha vingine, kama meno ya mtoto. Binti alivihesabu kwa ncha ya kalamu, akaishia sitini na kimoja.

"Natarajia tisini," alisema. "Vingine vitatokea ikiwa protini itadumu hadi jioni."

"Baridi haitakuangusha."

Binti akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Ningeimwaga, fundi. Kama yule kaka wa ghorofa ya pili. Mwezi jana alipata nyasi hizihizi, akamwaga kazi ya mwaka mzima sinkini."

Fundi akalivuta daftari lake. Mwezi jana alikuwa hapohapo, akibadilisha kichujio. Aliziona nyasi, akaukumbuka ukurasa ule wa mwongozo, akaendelea kukaza skrubu.

"Bado yupo?" aliuliza.

"Yupo. Ameanza upya, na chumvi ileile."

Fundi akaandika joto daftarini, akamwomba binti aitegee sikio kompresa, kisha akauchukua mwongozo kwapani na kupanda ngazi polepole, akitafuta maneno ya kuanzia.