Mkono Ambao Sikuuona

Mtanisamehe tahajia, na mtasamehe mwandiko pia. Niliishia shule ya msingi, na Kinyarwanda hunichanganyia r na l. Ninaandika polepole, lakini jambo hili nimeona niliandike, kwa sababu kulisema kwa mdomo kunanishinda.

Ninajifunza kushona katika mtaa wa Masoro, katika jengo lililo katikati ya maghala. Mashine zikiwashwa zote, husikii hata kikohozi chako. Kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Dole gumba juu, endelea. Kiganja kikiinuliwa, simama.

Tunakaa wawili wawili. Mwenzangu ni binti wa mtaa wa Rwezamenyo, baba yake ana duka la vitenge, naye hana haya hata kidogo. Siku ile mimi nilikuwa nashona pindo la pazia, yeye anavuta kitambaa kwa nyuma. Uzi ukajisokota. Nikasimamisha mashine, lakini mguu nikauacha juu ya pedali. Akaingiza kidole chini ya sindano autoe.

Wakati huohuo Mwalimu akaja kusimama mbele yangu.

Bibi yangu, aliyenilea kule Kagarama, alinifundisha kwamba mkubwa akisimama mbele yako, unainamisha macho. Nikainamisha. Niliona viatu vyake tu. Havikuondoka. Nikadhani anangoja niendelee kushona, na hofu ikaniingia mguuni. Nikakanyaga.

Sindano ilipita kando ya ukucha wa mwenzangu. Nilipoinua uso, kiganja cha Mwalimu kilikuwa bado hewani. Kilikuwa hapo muda wote.

Mashine zote zikazimwa. Ule ukimya uliniogopesha kuliko kelele. Mwalimu alikagua kidole, akaona hakina damu, akatukalisha chini na kumtaka kila mmoja aseme kuongea bila maneno kuna faida gani na kuna hasara gani.

Kijana aliyekulia Uganda alisema mikono inaokoa koo, na kwenye kelele haishindwi. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ghalani alisema ishara haina matusi, ugomvi unapungua. Kijana wa Uganda akacheka, akamwambia zipo ishara za matusi, ila mama huyo ni mtu wa sala. Mwingine akasema ubaya wa ishara ni kwamba inahitaji macho ya mwenzako. Akigeuka, unaongea na ukuta.

Mwenzangu alikuwa ameshika kidole chake. "Faida ni kwamba kidole kinaongea," alisema. "Hasara, leo changu kilitaka kunyamaza kabisa."

Walicheka. Mimi niliikalia mikono yangu.

Mwalimu akanigeukia. "Heshima yako niliiona. Mkono wangu wewe hukuuona. Kesho utakaa tena kwenye mashine. Ukiangalia chini, sitakuruhusu kushona tena humu."

Sijui sauti niliitoa wapi. "Nikikutazama usoni, Mwalimu, utajua vipi kwamba nakuheshimu?"

"Nitajua kwa mguu wako," alisema. "Mkono wangu ukiinuka, mguu utoke."

Kesho yake nilikaa, mwenzangu nyuma ya kitambaa, akaninong'oneza, "Kaka, nina vidole kumi, na vyote navitaka." Mashine zikawaka. Viatu vya Mwalimu vikaja. Nikainua macho hadi kwenye futi ya kupimia aliyoitundika shingoni, nikabaki hapo, nikihisi uso unawaka. Kisha kidevu. Kisha macho yake. Kiganja kikainuka. Nikatoa mguu.

Akanionyesha dole gumba, akapita.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kidogo. Bibi alikuwa anapakua maharage, akaniuliza siku ilikwendaje. Nikamjibu nikimtazama, bila kufikiri, kama nilivyomtazama Mwalimu. Upawa ukasimama juu ya sahani.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" aliuliza.

Nikainamisha macho haraka, lakini alikuwa ameshaona. Nilimweleza habari za mashine, akasema ameelewa. Hata hivyo sahani yangu aliiweka chini, hakunipa mkononi. Tangu hapo, kila jioni nikifika mlangoni naogopa macho yangu yatasahau tuko wapi.

Ninyi mnaosoma, kama mna macho ya kazini na mengine ya nyumbani, niandikieni mniambie mnayabadilisha wapi. Andikeni hata mistari miwili. Nasoma polepole, lakini nitaimaliza.