Ingechomoka kwa Vidole Viwili

Hakuna kinachompandisha hasira karani mstaafu wa nyumba ya kona kama waya uliokatwa. Kila printa mbovu inayotupwa mtaani huishia mezani kwake, naye huchomoa plagi ndogo zinazounganisha nyaya za ndani kwa ukucha wa kidole gumba, akazipuliza vumbi na kuzitia katika kopo la maziwa. Akikuta waya uliokatwa kwa koleo hunung'unika, "Mikono Mungu kawapa ya nini?" Kwa plagi hizohizo alimtengenezea mkewe, ambaye hasikii, taa inayowaka jikoni mgeni akibonyeza kengele. Juzi fundi rangi, akipaka fremu ya mlango, aliukata waya wa taa hiyo shibiri moja tu kutoka kwenye plagi, wala hakumwambia mtu. Dada wa mkewe alikuja kutoka mbali, akabonyeza mpaka akachoka, akawaambia majirani kwamba amefungiwa mlango makusudi, akaondoka kwenda stendi kungoja basi la kurudi. Karani hakufoka. Alimwita fundi, akamwekea kiganjani plagi ya waya ule, ingali imechomekwa kwenye tundu lake. "Ichomoe, fundi." Ikachomoka mara moja. "Sasa mfuate shemeji yangu stendi. Mwambie dada yake alikaa jikoni tangu asubuhi, akiitazama taa."