Nakala Mbili za Kitabu cha Piano

Sisi tuliokulia Kalemie kabla ya vita tulijua jambo ambalo wanafunzi wangu wa leo hawalijui: kwamba hata kitabu kilichochapwa Ulaya, chenye jalada gumu na herufi za dhahabu, kinaweza kukosea. Tulilijua kwa sababu kila Jumamosi alasiri, sare zikiwa zimeanikwa na matumbo yameshiba bukari, ugali wa kwetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, mimi na rafiki yangu Godeliva tulipanda kilima hadi ukumbi wa misheni kwenda kuyasaka makosa hayo.

Aliyetuingiza katika kazi hiyo ni mwalimu wetu wa piano, Mama Veneranda, mwanamke mrefu wa Kirungu aliyevaa sweta hata kwenye joto la ziwani, kana kwamba baridi ya milima ya kwao ilikuwa imemfuata. Misheni ilikuwa na nakala mbili za kitabu kimoja cha vipande vya piano. Moja ilikuwa ya chapa ya kwanza kabisa. Nyingine ilitoka miaka kadhaa baadaye, na jalada lake lilijisifu kuwa imesahihishwa. Ilikuwa imesahihishwa kweli, ila msahihishaji alipofuta makosa ya mwenzake aliacha ya kwake.

"Hii inadanganya mbio-mbio," Mama Veneranda alizoea kusema, akiigonga ile ya kwanza. "Na hii ingine inadanganya na heshima."

Mimi nilishika chapa ya kwanza, Gode ya pili. Mmoja alisoma nota kwa sauti, moja baada ya nyingine, na mwenzake alifuata kwa kidole, akimkatiza pale vitabu vilipoachana. Hapa nota ilikuwa imeteleza kutoka kwenye mstari, pale diyezi, ile alama ya kuipandisha nota kidogo, ilikuwa imedondoka, na kuna ukurasa ambao mkono wa kushoto ulinyimwa ufunguo wake wa juu, ile alama inayopanga kimo cha nota, ukanguruma chini huko kama treni inayotafuta stesheni.

"We Gode, soma pole. Unakimbia mvua?"

"Miye nasoma muzuri. Ni macho yako njo inalala."

Vitabu vikishaachana, hukumu ilikuwa ya piano. Mama Veneranda alipiga vyote viwili, cha kwangu na cha Gode, kisha akatuambia kipi ni kweli na kwa nini. Kwenye vitabu alitia msalaba mdogo tu wa penseli, kuonyesha kwamba pana ubishi. Jibu hakuliandika kamwe.

"Kitabu ni ya misheni," alisema. "Jibu mutachunga mu vidole."

Baadaye tulipewa mikate ya moto, ile ya duara inayokaangwa kwenye mafuta ya mawese, na kabla ya kurudi kwenye kurasa tulipangusa mikono kwenye majani ya uani hadi viganja viwashe. Ninapofumba macho bado nanusa karatasi kuukuu, mawese, na ndagala waliokuwa wakikauka mchangani chini kule.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya kipande cha mwisho, kifupi, cha kumbembeleza mtoto, alichokipenda Mama Veneranda kuliko vyote. Karibu na mwisho wake kitabu changu kilikuwa na nota iitwayo “si”, ya kawaida, na cha Gode kilikuwa na “si” bemoli, ile inayoshushwa kidogo ili wimbo uingie huzuni. Zote mbili zilipendeza masikioni, na hapo ndipo penye taabu. Gode alinuna, akakataa mikate, akasema hatoki ukumbini mpaka kitabu chake kishinde. Mama Veneranda alipiga mara nyingi, macho yamefumbwa, kisha akatoa hukumu. Niliamini singeisahau maisha yangu yote.

Kisha vita vikaja. Mbao za piano ziliishia jikoni mwa watu wenye bunduki. Mama Veneranda alikuwa ameshaokoa vitabu, akampa kila mmoja wetu kile alichozoea kukisoma. Mimi nilikwenda Lubumbashi kusoma, nikarudi kufundisha. Gode aliolewa, akajenga karibu na maji.

Mwaka huu Mama Veneranda amefariki, na parokia ikaniomba niwaandae watoto wapige kipande chake kwenye Misa ya kumwombea. Nilifungua kitabu, nikaukuta msalaba, na vidole vyangu havikuwa na jibu. Mwanafunzi wangu mmoja alinihurumia.

"Mama, sasa weye unateseka bure. Iko mu telefone."

Kweli ilikuwamo. Ilikuwa chapa ya kwanza, ile yangu, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, hata bila ule msalaba. Vijana wetu wana bahati. Telefone ikishasema, wao wanakwenda kulala.

Sikutaka Mama Veneranda aagwe kwa nota ya uongo. Nikapanda pikipiki hadi Katanika, kwenye kambi ya waliokosa makao, kwa sababu nilisikia kwamba ziwa lilipopanda lilichukua nyumba ya Gode. Nilimkuta ameketi juu ya dumu. Kitabu chake kilikuwa kimeoza ndani ya maji pamoja na vitanda. Nikamwimbia kipande hadi pale pa ubishi.

"Ni bemoli," alisema mara moja. "Yangu njo ilishinda."

"Hapana, Gode. Ilishinda yangu."

Nilipomsikia, kumbukumbu niliyoikosa mbele ya kitabu ilinijia ghafla. Kila mmoja alikumbuka ushindi wake, wazi kabisa, hata namna mwenzake alivyonuna. Nilingoja anicheke, aniambie macho yangu bado yanalala, agome hapo mpaka giza.

"Basi tia yako," alisema, na alikuwa ameshageuka kutazama foleni ya maji, asije akapitwa na zamu.

Kwenye Misa msichana mmoja alikipiga kipande kwenye kinanda cha umeme, kwa nota niliyomwandikia, bila kusitasita. Watu walilia, wakanishukuru. Hakuna mtoto aliyeniuliza msalaba ule ni wa nini.

Enzi zile watoto wawili waliweza kugombana alasiri nzima kwa sababu ya nota moja, maana aliyejua alikuwa katika chumba kile kile nao. Leo anayejua ni mimi, nami sijui. Watoto hawa watawafundisha wengine kama nilivyowafundisha, kwa moyo safi, na kama nimekosea, kosa hili halina tena nakala ya pili ya kulikana.