Mama Mwenye Pengo

Haya sogeeni, sogeeni. Wa nyuma asiposikia acheke tu wenzake wakicheka, nitamweleza baadaye alichekea nini.

Mimi ni mpiga picha hapa Bariadi mjini. Shule niliiona kwa nje, nikipita na ng'ombe. Lakini taa ya studio yangu! Nikiiwasha, majogoo wa kijijini Nkololo wanawika wakidhani kumekucha. Na pazia langu la nyuma limechorwa maporomoko ya maji, makali mpaka wateja wengine wanakunja suruali wasilowe.

Sheria yangu ni moja: sura ni ya mwenyewe. Sio ya mwenye pochi, sio yangu mwenye kamera. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mpiga picha mwenzangu, yeye hana habari hiyo. Akikaa kwenye kompyuta anamwaga meno kama anapanda mahindi. Kuna kichanga kimetoka pale na magego.

Sasa siku hiyo akaja kijana wa ofisini, shati limenyooshwa mpaka inzi akitua anateleza. Kamleta mama yake kutoka kijijini. Wazazi walikuwa wanafanyiwa misa ya jubilei ya ndoa yao, na kijana alitaka picha kubwa ya mama, ikae mbele pale ukumbini kila mtu aione. Akanivuta pembeni: nimwekee mama meno ya mbele na nimpige pasi uso wote, mikunjo iishe.

Mama alikuwa na pengo. Meno yalikwenda na teke la ndama, mama akiwa bado binti kwao. Tangu hapo akicheka, kanga iko mdomoni.

Nikamwambia kijana nitamuuliza mwenye sura. Akasema anayelipa ni yeye. Nikasema basi tupige sura yake.

Mama akajibu mwenyewe, kanga mdomoni. "Weka tu, mwanangu. Nisije nikachekwa siku yangu."

Kwa kuwa mwenye sura kasema, nikakubali. Nikampiga kafunga mdomo, kanuna kama anadaiwa. Nikapanda juu ya ndoo kuigeuza taa, ndoo ikateleza, mimi na pazia chini. Mkoa mzima wa Simiyu hatuna maporomoko, lakini mimi nilizama kwenye maporomoko mchana kweupe. Mama akacheka! Kanga ikaanguka, mikono hewani, pengo lote nje, chumba kikang'aa taa ikaona aibu. Na kidole changu huko chini kikabonyeza kamera.

Nikamwonyesha kwenye kamera. Akaitazama muda. Nikamwambia akitaka naifuta sasa hivi, hapahapa, mbele ya macho yake. Akasema nisifute. Niitoe, lakini mtu wa kuiona kwanza ni mzee wake. Mzee akikunja uso, niichane.

Wakaja kuchukua, safari hii na mzee, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nikaziweka mbili mezani. Ile ya kwanza nilikuwa nimeifungua mdomo kwenye kompyuta, nikaijaza meno kama nilivyoagizwa, meupe, mazuri kabisa, ungeweza kusomea usiku. Mama akajibanza nyuma ya mwanawe, kanga imerudi mdomoni.

Mzee akaanza na ile ya meno. Akavua kofia, akainama kidogo. "Mwangaluka, mayu," akaiamkia kama mama wa watu, akasubiri aitikiwe. Akamuuliza mwanawe huyu mgeni ametoka wapi, Maswa? Kijana akasema, baba, huyo ni mama.

Mzee akaitazama tena, akatikisa kichwa. Akahamia ya pili. Hapo hakusalimia mtu. Aliichukua, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaibana kwapani na fimbo yake.

Kijana akaona jubilei inaharibika. Akabembeleza kwamba hiyo wabaki nayo nyumbani, ukumbini iende ile nzuri, ile yenye meno.

Mzee akarudisha kofia kichwani.

"Huyo wa meno mrudisheni kwao. Mimi ng'ombe nilimtolea mwenye pengo."