Ua Lililoshonwa Kitandani

Mtaa mzima ulimwita Mama Majani. Mumewe, fundi cherehani, alipougua homa ya mapafu, majirani walishangaa: mjuzi wa mimea yote, mbona anakimbilia dukani kununua vidonge?

"Kazi yangu ni kuitambua," aliwajibu, "si kuichemsha."

Alikusanya mimea kwa ajili ya chuo. Safari hii alikuwa amepata mlimani mmea mtambaazi ambao haujaandikwa katika kitabu chochote, ukiwa na ua moja tu. Wenyeji wa huko walimwambia mmea huo huchanua siku nne tu kwa mwaka, na leo ilikuwa ya nne. Kwa kuwa mgonjwa hakuwa wa kuachwa peke yake, kazi ilihamia chumbani. Mmea ulilazwa kando ya kitanda, katikati ya magazeti ya zamani, ukakandamizwa kwa mbao mbili na tofali. Kila asubuhi Mama Majani alibadilisha magazeti yaliyolowa, kisha akambadilishia mgonjwa shuka zilizolowa vilevile.

Asubuhi hiyo aliporudi na beseni, alimkuta mumewe ameketi, sindano mkononi, uso kama wa mtoto aliyevunja kikombe.

"Mke wangu, usikasirike kwanza."

"Kwanza, halafu?"

"Nilikuwa nasoma habari ya ndondi. Raundi ya tano wakaandika inaendelea ukurasa wa saba. Nao ukurasa wa saba ulikuwa chini ya tofali."

Ua lilikuwa limekatika. Fundi alikuwa amelishona upya kwa mishono midogo isiyoonekana, juu kabisa kwenye ncha ya mmea.

"Limependeza, au siyo?"

"Limependeza kama kishada cha kofia. Baba, ua hili huota kwapani mwa jani, pale jani linapoungana na shina. Hapo ndipo linapotofautiana na ndugu zake. Lilitoka kwapa lipi?"

"Mama, mimi najua makwapa ya mashati tu."

Bila jibu, ua halikuwa na faida, na asipochuma jingine leo, angesubiri mwaka mzima. Mlimani ni mwendo wa saa tatu. Dawa ni saa sita kamili, na paji la mgonjwa lilikuwa linachoma. Mama Majani alichukua mkoba. Akauweka chini. Akauchukua tena.

"Nenda," alisema mumewe, kisha akakohoa kikohozi kilichosema baki.

Akabaki. Aliketi kitandani, akafumua uzi taratibu, akapitisha kioo cha kukuzia kwenye kila kwapa. La kwanza, laini. La pili, laini. La tatu lilikuwa na kovu dogo, bado jipya, na kikonyo cha ua kilipowekwa hapo kilikaa sawasawa.

Akapumua. Ua akalitia kwenye bahasha ndogo, akaandika: "Limekatika kutoka kwapa la jani la tatu."

"Hujaandika nani kalikata?"

"Chuo hakiulizi hilo. Fungua mdomo, saa sita imefika."