Mtungi wa Muomo

Siku afisa wa kupima mashamba alipofika kwetu, aliniuliza swali moja kabla ya kukunja ramani yake: "Hapa katikati hapapiti njia ya watu?" Nikajibu kwamba hapapiti. Asubuhi ile baba mdogo alikuwa ameniambia kuwa mimi ndiye niliyesoma mpaka sekondari, baba ameshafariki, kwa hivyo mimi ndiye wa kusema. Na nikitaja njia, serikali itatukatia kipande katikati ya shamba. Ningeweza kumkatalia. Sikumkatalia.

Njia ilikuwapo. Kama ulikulia upande huu wa Machakos, huenda miguu yako inaikumbuka. Ilipanda kutoka Mumbuni, ikapita nyuma ya boma letu, ikaingia pale vilima viwili vinapokaribiana, mahali tulipopaita Muomo, yaani mlango, kisha ikateremka ng'ambo. Nyanya alisema wazee wa zamani walipita pale na mizigo ya pembe wakielekea pwani, kabla hapajakuwa na barabara yoyote. Nilipokuwa mtoto walipita wachuuzi wa mbuzi, akina mama wenye vyondo vya matunda, na watu wa kwenda kanisani.

Pale juu Nyanya aliweka mtungi wa maji, ukafunikwa kwa jiwe bapa na kata ya kibuyu juu yake. Yeyote alikunywa. Sharti lilikuwa moja: anayemaliza maji asimame ukingoni apige kelele, "Mtungi mtupu!" Kelele hiyo ikifika nyumbani, mimi na dada yangu tuliacha kutwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa kinuni, na kukimbilia chemchemi. Yeye alibeba debe mgongoni kwa kamba ya kichwani, mimi kibuyu. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi yaliyolowa kinuni, masikio yangu yanangoja mtu apige kelele kutoka mlimani.

Mchuuzi mmoja wa mbuzi hakukosa la kusema. "Susu," alimwita Nyanya kwa Kikamba, "leo maji yana viluwiluwi wangapi?"

"Watatu," Nyanya alimjibu. "Wa nne ulimmeza juzi."

Dada yangu alipata mume pale pale. Alikuwa seremala kutoka ng'ambo, na mtungi ulianza kwisha kila alipopita, hata ukiwa umejazwa saa ile ile. Kumbe alikuwa akiyamwaga maji ili apige kelele, dada apande na debe. Baada ya wiki kadhaa Nyanya akasema, "Huyu kijana apewe mke kabla hajakausha chemchemi." Wakaoana. Dada akawa anavuka Muomo kila Jumamosi kuja kwetu, saa nzima kwa miguu, na ndizi mbivu kwenye kiondo.

Basi afisa alichora ramani bila njia. Nyanya alikuwa ameshafariki, na mtungi alikuwa akiujaza mama. Nilipanda mkonge, nikavuta seng'enge kutoka jabali hili hadi lile, nikaufunga Muomo. Jumamosi iliyofuata dada alinikuta nikikaza waya wa mwisho.

"Mwana wa mama, sasa mimi nipitie wapi?"

"Zunguka kwa barabara, dada. Siku hizi kuna magari."

"Gari la kwenda kwa mama yangu?" Akacheka kidogo, akidhani natania. "Haya, toa hiyo waya. Niko na ndizi, zinaiva hapa mgongoni."

"Nikikufungulia wewe, wote watataka."

"Kwani mimi ni wote?"

Koleo la kukatia waya lilikuwa mkononi mwangu. Vibarua wawili walikuwa wakinitazama, nikaona aibu kubadili neno langu mbele yao. Dada alingoja. Kisha akaweka kiondo chini, akazipitisha ndizi moja moja kati ya nyaya, akazipanga kwenye nyasi upande wangu. "Hizo ni za mama," akasema, akageuka.

Mama alipofariki, dada alikuja kwa barabara, akazika, akarudi bila kuonja chakula kwangu. Kila mwaka nilisema nitakwenda kumwona baada ya mavuno. Aliyeniletea habari za kifo chake ni mwenye bodaboda, wiki moja baada ya mazishi.

Kipande nilichokiokoa ni mawe. Mahindi yake hayajawahi kunifika magotini. Mtungi ulipasuka, chemchemi imefunikwa na magugu, na vijana wa hapa ukiwatajia Muomo wanakuuliza ni wapi. Watoto wa dada nawaona sokoni. Wananisalimia kwa heshima, wananiita mzee, kama wanavyomwita mzee yeyote. Hakuna aniitaye mjomba. Nilikuwa na dada mmoja tu, na nilimpoteza kwa neno moja nililomwambia afisa na waya ambao ningeweza kuukata.