Alama ya Ukanda

Tulikuwa wanawake watatu, na hakuna aliyetuita wasanii. Mimi nilishona sare za shule kwa cherehani ya mkono, mlangoni pa chumba changu katika mtaa wa Ziwani. Jirani wa kushoto, mzaliwa wa Murang'a, alisuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Jirani wa kulia alitoka Machakos. Mumewe alikuwa mchongaji, na kazi yake yeye ilikuwa kuwapiga msasa wanyama waliochongwa na mumewe: twiga, faru, mara mojamoja simba mwenye uso wa mbwa.

Tulikaa pamoja kwa sababu kivuli kilikuwa kimoja. Saa nane mchana jua lilihamia nyuma ya nyumba zetu, na kila mmoja alileta gunia lake, akalitandika ukutani. Hatukuzungumza sana.

Mwaka wa pili wa ujirani wetu, nadhani katikati ya miaka ya tisini, yule mume alijikata kwa tezo yake ya kuchongea. Ulikuwa mkono wa kushoto, ule unaoshika mti. Hospitalini walimshona, wakamwambia asishike kitu kwa miezi miwili. Kulikuwa na twiga thelathini walioagizwa, na waliokuwa tayari hawakufika nusu.

Mkewe alitueleza haya akiwa amekaa palepale guniani, kwa sauti ya kawaida. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande cha mjakaranda na ile tezo.

"Unajua kuitumia?" nikamuuliza.

"Miaka sita nawapiga msasa. Hata nikifumba macho najua goti liko wapi."

Twiga wa kwanza alivunjika shingo. Wa pili tulimtia jikoni, tukapikia chai. Wa tatu akasimama. Tangu siku hiyo yeye alichonga, sisi wawili tukapiga msasa na kupaka rangi ya viatu. Sare zangu zilichelewa hadi mzazi mmoja akaja kunigombeza mbele ya watu.

Mumewe alitoka siku moja, akamchukua twiga kwa mkono mzima.

"Miguu ya nyuma ni minene," akasema.

"Ndiyo maana anasimama. Wako wakiguswa wanaanguka."

Alimgeuza twiga mara mbili, akamrudisha chini, akaingia ndani. Kesho yake alianza kumchagulia mkewe mti.

Twiga walikwisha, lakini tezo haikurudi kwa mwenyewe. Wiki chache baadaye yule mke aliweka kitu guniani, katikati yetu. Kilikuwa kinyago cha mwanamke aliyeketi, miguu ameinyoosha, kiondo kilichoanzwa kikiwa mapajani. Macho yalikuwa mistari miwili tu. Lakini ile shingo iliyoinama ilikuwa ya msukaji wetu, na kwenye paji la uso, kutoka upande mmoja hadi mwingine, palikuwa na mfuo.

Msukaji alifunga kitambaa kichwani siku zote, chini kabisa, karibu na nyusi. Alipokuwa msichana alibeba maji na kuni mgongoni kwa ukanda uliopita kichwani, na ule ukanda ukamwachia bonde kwenye mfupa. Siku moja wakati wa twiga alivua kitambaa akung'ute vumbi. Mimi niliona, nikasahau.

"Huyu ni nani?" msukaji akauliza.

"Ni wewe."

"Na hii?" Kidole chake kilikuwa juu ya mfuo. "Watoto wangu wenyewe hawajawahi kuniuliza. Wewe umeitia kwa mti, kila mtu aione."

Alikusanya mkonge wake, akaenda. Kwa wiki tatu alisuka ndani ya nyumba yake, mlango umerudishwa. Mferejini, tulipochota maji, alitusalimu kama alivyowasalimu watu wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wakija kukagua nyumba.

Nilijaribu kupatanisha, kwa njia rahisi. "Si uifute tu?" nikamwambia yule mke, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mchongaji wetu. "Ni msasa kidogo."

"Nikiifuta, huyo si yeye."

Niliona ni kiburi. Mpaka leo sina hakika kwamba hakikuwa kiburi.

Alasiri moja msukaji akaja bila mkonge, akasimama mbele yetu. "Lete hicho kitu."

Kililetwa. Alikishika kwa muda mrefu.

"Umekosea," akasema. "Iko chini kidogo. Na huku kushoto imeingia zaidi, kwa sababu mzigo ulikuwa unanilemea upande." Akavua kitambaa, akaketi, akauelekeza uso wake kwenye mwanga. "Angalia vizuri."

Mchongaji alisogea, akapitisha kidole gumba kwenye lile paji, taratibu, jinsi alivyokuwa akitafuta fundo kwenye mti. Kisha akachukua patasi. Mimi niliendelea kuzungusha cherehani, na baadaye nikagundua nimeshona mkono wa shati ndani nje. Ulikuwa wivu; sioni jina lingine la kuuita.

"Na mimi utanichonga lini?" nikauliza.

"Wewe hutulii," akanijibu, na wote wawili wakacheka. Nikacheka pia, nikiwa nimechelewa kidogo. Hakunichonga kamwe.

Kidole kimoja cha mumewe hakikukunjika tena. Kwenye karakana alikopeleka kazi, wanawake walikuwa wa kupiga msasa tu, kwa hiyo michongo ya mkewe iliingia kama yake. Akina mama wa mti, wenye kuketi, kufua, kusukana nywele, walianza kuulizwa kuliko twiga, na wachongaji wenzake wakamsifu kwa mkono wake mpya. Jioni aliketi guniani na kumweleza mkewe zile sifa, neno kwa neno, huku akimpigia msasa.

Nilimuuliza mkewe kama hilo halimuumi.

"Vinaonekana," akasema. "Watu wanaviangalia."

Sikujua kama hilo lilimtosha, na sikuuliza tena. Mimi nilihamia mtaa wa Tena mwishoni mwa miaka hiyo, msukaji akarudi kwao. Nilisikia kwamba jirani yetu mchongaji alibaki Ziwani miaka mingine kadhaa, na kwamba alipoondoka, wanawake wawili wa nyumba za nyuma walikuwa tayari wameshajua kushika tezo.